Taa ya kijani kwenye saa ya mama: inaona nini, na nini haioni

"Mama yangu ana miaka 61, tunaishi Tanga. Kaka yangu aliyeko Maskati alimletea saa ya mkononi, ile yenye vitaa vya kijani kwa nyuma. Ndani ya wiki mbili saa imempa tahadhari mara mbili kwamba mapigo ya moyo hayana mpangilio. Mama haumwi kifua, ila siku hizi akipanda ngazi lazima apumzike katikati, na presha anayo miaka mingi. Jirani anasema vitaa hivyo haviwezi kuona moyo, ni biashara tu. Kaka anasema madhali saa inaandika oksijeni 97, hakuna tatizo. Mjini kuna kijana mwenye kifaa cha kubana kidoleni, anasema kwa mwanga ule anajua mishipa ya moyo imeziba asilimia ngapi. Nimesoma pia kwamba Ulaya kuna mashine inayomulika ngozi ya mkono na kutabiri ugonjwa wa moyo. Sisi ni weusi hasa, na nasikia vipimo hivi havisomi vizuri kwenye ngozi yetu. Daktari, tuanzie wapi? Na saa aendelee kuivaa?"

Pole kwa wasiwasi, na mama mfikishie salamu zangu. Nitangulize jibu, maelezo yafuate: mpelekeni hospitali wiki hii akapimwe ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, kisha afanyiwe eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Saa haijathibitisha ugonjwa wowote. Lakini tahadhari mbili, presha ya miaka mingi na pumzi inayokatika kwenye ngazi ni mambo matatu yanayoelekea upande mmoja. Na katika hayo matatu, mimi linalonisumbua zaidi ni la ngazi. Mama angekuja kwangu bila saa yoyote akanieleza hivyo, bado ningempima.

Jirani yenu ana nusu ya ukweli. Taa ile haiuoni moyo kamwe. Inachokiona ni damu inayopita chini ya ngozi. Usiku zima taa ya chumbani, washa tochi ya simu, uizibe kwa ncha ya kidole. Kidole kinawaka chekundu. Tochi inatoa mwanga wa rangi zote, lakini damu inaimeza ile ya kijani na ya buluu na kuiachia nyekundu ipite. Saa imejengwa juu ya tabia hiyo. Kila moyo unaposukuma, vijishipa vya ngozi hujaa damu kidogo, kijani kingi kinamezwa na kinachorudi kwenye saa kinapungua. Moyo ukilegea, damu inapungua na mwanga unaorudi unaongezeka. Jicho halioni tofauti hiyo, ila kihisio kilicho katikati ya vitaa kinaiona, nacho huchora wimbi moja kwa kila pigo. Mbinu si ngeni. Mwaka 1937 mwanafiziolojia wa Marekani, Alrick Hertzman, alieleza jinsi ya kupima damu ya vidole vya mikono na miguu kwa mwanga namna hiyohiyo. Kilichobadilika ni kwamba leo kifaa hicho kinaenea kwenye kifundo cha mkono.

Kwa hiyo saa inajua jambo moja vizuri: muda kati ya wimbi na wimbi. Moyo wenye mpangilio huleta mawimbi yanayopishana kwa muda unaokaribiana. Moyo uliopoteza mpangilio huyaleta ovyo, mawili yamefuatana, moja limechelewa, matatu ya haraka. Saa ikikuta hali hiyo mara kadhaa mama akiwa ametulia, ndipo hutoa tahadhari. Inachokisaka ni ugonjwa mmoja hasa, fibrilesheni ya atria: vyumba viwili vya juu vya moyo vinaacha kujikamua kwa pamoja na kubaki vikitetema.

Mtu anaweza kuishi na mtetemo huo asijue. Hatari yake ni kwamba damu isiyosukumwa inatuama kwenye kijifuko kilichoko pembeni mwa chumba cha juu cha kushoto, inaganda, na siku moja bonge linachomoka na kupanda kwenye ubongo. Ndiyo maana fibrilesheni ya atria huongeza uwezekano wa kiharusi takriban mara tano. Kwa wengi dalili ya kwanza ni uchovu na pumzi fupi tu, mambo ambayo mtu wa miaka 61 huyasingizia umri.

Je, tahadhari ya saa ni ya kuaminika? Swali hili limefanyiwa utafiti mkubwa. Wa Apple na Chuo Kikuu cha Stanford, uliochapishwa mwaka 2019, ulihusisha watu zaidi ya 419,000. Waliopewa tahadhari walikuwa 0.52 kwa mia, yaani kama mtu mmoja kati ya 200. Hao walitumiwa kiraka cha kubandika kifuani kinachorekodi umeme wa moyo, na waliokirudisha walipokaguliwa, asilimia 34 walikutwa na fibrilesheni. Wengine wakasema basi saa inakosea mara mbili kati ya tatu. Sivyo. Ugonjwa huu mwanzoni huja na kuondoka, na kiraka kilibandikwa siku kadhaa baada ya tahadhari. Walipoangalia wakati ambapo saa ilitoa tahadhari mtu akiwa amevaa kiraka, viwili hivyo vilikubaliana mara 84 katika 100. Utafiti wa Fitbit wa mwaka 2022, wenye watu zaidi ya 455,000, uliona makubaliano ya asilimia 98 katika hali kama hiyo. Kwa hiyo saa ikisema "mapigo hayana mpangilio", mara nyingi kweli hayakuwa na mpangilio dakika zile. Hiyo ni ishara ya kuisikiliza.

Kuna upande wa pili, na lazima nao niuseme. Kwa mtu asiye na dalili yoyote, haijathibitika kwamba kuusaka ugonjwa huu kwa vifaa kunamwokoa na kiharusi. Denmark walipandikiza vinasa mapigo chini ya ngozi kwa baadhi ya wazee wa miaka 70 hadi 90, katika utafiti wa watu zaidi ya 6,000 uliotoka mwaka 2021. Fibrilesheni ilipatikana mara tatu zaidi, lakini viharusi havikupungua kwa kiasi cha kutosha kusema ni faida ya kifaa. Ndiyo maana siwashauri vijana wazima wanunue saa kwa ajili ya moyo. Mama yenu hayuko kwenye kundi hilo. Yeye tayari ana dalili.

Sasa suala la ngozi nyeusi, ambalo mmefanya vema kuliuliza, kwa sababu jibu lake hutofautiana kulingana na kinachopimwa.

Melanini, rangi yetu ya asili, humeza mwanga, na humeza zaidi wa kijani kuliko mwekundu. Kwenye ngozi nyeusi saa inapata mwangwi dhaifu. Kwa mpangilio wa mapigo, udhaifu huo hauharibu sana, kwani kinachohesabiwa ni wakati wa wimbi na si ukubwa wake. Wimbi likififia mno, kwa kawaida saa hukaa kimya. Hatari kwa mtu mweusi basi ni saa kunyamaza pale ilipopaswa kusema, kuliko kusema uongo. Na katika ule utafiti wa Stanford, washiriki Weusi hawakufika hata asilimia 10, jambo linalonikera, maana matokeo yake yanatumika dunia nzima.

Oksijeni ni kesi nyingine kabisa. Hapo kifaa kinamulika rangi mbili, nyekundu na ile ya infraredi isiyoonekana, halafu kinalinganisha kila moja imemezwa kiasi gani. Himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, ikiwa nayo na ikiwa haina humeza rangi hizo tofauti. Mjapani Takuo Aoyagi ndiye aliyeigundua hesabu hiyo miaka ya 1970, na imeokoa watu wasiohesabika kwenye vyumba vya upasuaji. Lakini ni hesabu ya kulinganisha kiasi cha mwanga, kwa hiyo rangi ya ngozi inaweza kuipotosha. Desemba 2020 madaktari wa Michigan, Marekani, walichapisha matokeo yaliyotushtua wengi: miongoni mwa wagonjwa ambao kifaa cha kidoleni kiliwasomea 92 hadi 96, damu yenyewe ilipopimwa, asilimia 11.7 ya Weusi walikuwa chini ya 88, dhidi ya asilimia 3.6 ya Wazungu. Yaani kifaa kilisema mtu ana nafuu wakati anakosa hewa. Na hivyo vilikuwa vifaa vya hospitali, si saa ya mkononi.

Nawe ni mtu wa pwani, kwa hiyo niongeze hili: mama akiwa na piko jeusi kwenye ncha za vidole au rangi nzito ya kucha, usomaji wa kidoleni unaweza kuharibika au usipatikane. Mikono ya baridi na mkono unaotikisika pia. Tumieni kidole kisicho na piko, akae dakika tano mkono ukiwa na joto.

Kaka yako mweleze kwa upole kwamba 97 haijibu swali letu. Oksijeni ya damu ni habari ya mapafu zaidi. Mtu anaweza kuwa na valvu, yaani mlango wa damu ndani ya moyo, iliyobana, mishipa ya moyo iliyoziba au fibrilesheni ya atria, na oksijeni yake ikawa 98. Nimewaona wengi hivyo, wamelala kitandani na kifaa kidoleni kinaandika namba nzuri.

Kuhusu kijana wa mjini, sitazunguka. Hakuna mwanga wa kidoleni unaoweza kujua mishipa ya moyo imeziba asilimia ngapi. Mishipa hiyo imekaa juu ya moyo, ndani ya kifua, na mwanga wa kifaa kile unapita kwenye nyama ya kidole tu. Nadhani mkanganyiko unatokana na jambo moja la kweli: umbo la wimbi la kidoleni hubadilika mishipa mikubwa inapokakamaa kwa umri na presha, na kuna mashine zinazokadiria ukakamavu huo. Kukakamaa si kuziba. Kuziba huonekana kwa CT ya mishipa ya moyo au kwa kupitisha mrija na dawa ya picha kwenye maabara ya moyo, na daktari hafikii huko bila sababu. Fedha ya kijana huyo ongezeni kwenye nauli na ECG.

Mashine ya Ulaya uliyoisoma ipo, na yenyewe inanivutia. Inatoka Groningen, Uholanzi. Unaweka mkono juu yake, inaumulika kwa mwanga wa urujuanimno, na ngozi inajibu kwa mng'ao hafifu. Kinachong'aa ni protini zilizoshikana na sukari miaka kwa miaka, mabadiliko ya jamaa moja na yale yanayoipa andazi rangi ya kahawia likiiva. Protini za ngozi hukaa muda mrefu sana kabla ya kubadilishwa, nusu yake huchukua miaka kama 15, kwa hiyo ngozi inatunza kumbukumbu ya sukari, uvutaji sigara na umri. Mwaka 2019 watafiti walitoa matokeo ya Waholanzi zaidi ya 72,000 waliofuatiliwa kwa miaka kama minne: ambao ngozi yao iling'aa zaidi walipata zaidi kisukari na magonjwa ya moyo na mishipa, na walikufa zaidi.

Lakini mashine hiyo inapima hatari ya miaka ijayo, haiambii leo moyo una nini. Na hapa ngozi yetu inakuwa kikwazo halisi: ngozi inayorudisha chini ya asilimia 6 ya mwanga uliomulikwa, mashine haiwezi kuisoma kwa uhakika, na ngozi nyeusi tii mara nyingi iko hapo. Kipimo kilichojengwa juu ya ngozi ya Waholanzi hakiwezi kupewa mama wa Tanga kana kwamba ni kilekile. Presha yake, sukari, mafuta ya damu na umri vinaniambia mengi zaidi, na vyote hupimwa hapohapo Tanga.

Kuna jaribio jingine nalifuatilia kwa matumaini. India, mwaka 2023, wagonjwa 238 waliokuwa wamelazwa kwa matatizo ya ghafla ya mishipa ya moyo walivishwa mkononi kifaa cha mwanga wa infraredi, na ndani ya dakika tano kikakadiria kwa usahihi wa takriban asilimia 90 iwapo troponini yao imepanda. Troponini ni protini inayovuja pale msuli wa moyo unapoumia, na kwa kawaida tunaipima kwa damu. Ngozi za Wahindi ni za rangi nyingi, na hilo lenyewe ni jema. Bado ni kifaa cha utafiti, hakijafika mahali pa kukupa jibu nyumbani.

Turudi kwa mama. Leo jioni, kabla hata ya hospitali, mpime kwa mkono wako. Akae kimya dakika tano. Weka vidole vyako vitatu vya kati upande wa ndani wa kifundo chake, chini ya kidole gumba, uhesabu dakika nzima. Usihesabu tu, sikiliza mdundo kama unavyosikiliza ngoma. Ngoma inayoruka pigo mojamoja kisha inarudi kwenye mwendo wake mara nyingi ni mapigo ya ziada, ambayo watu wengi wazima wanayo. Ngoma ambayo huwezi kubashiri pigo lijalo litaanguka wapi, dakika nzima, ndiyo ninayoiogopa. Andika ulichokipata, tarehe na saa.

Nendeni Hospitali ya Bombo au kituo chochote cha karibu chenye ECG. Bebeni dawa zake zote za presha, hata zile alizoacha, na picha za zile tahadhari mbili zinazoonyesha saa na siku. Saa nyingine zina uwezo wa kurekodi umeme wa moyo kwa kugusa kitufe cha pembeni sekunde 30. Huo si mwanga tena, ni ECG ya njia moja, na rekodi yake daktari anaweza kuisoma na kuthibitisha fibrilesheni. Kama saa ya mama ina uwezo huo, chukueni rekodi hiyo mara tahadhari inapotokea. Mwanga peke yake hauthibitishi, hata utoe tahadhari mara kumi.

ECG ikitoka safi, msirudi nyumbani mkisema saa ni mwongo. ECG inarekodi sekunde chache tu. Muulizeni daktari kuhusu holta, kifaa kinachovaliwa siku nzima au zaidi. Muombeni pia aangalie wingi wa damu, tezi ya thairoidi na figo, kwa sababu upungufu wa damu peke yake unatosha kumfanya mtu apumzike kwenye ngazi.

Eko ndiyo nisingependa ipuuzwe, na sababu ni ya kwetu hasa. Afrika Mashariki bado tuna watu wengi ambao valvu zao ziliharibiwa utotoni na homa ya baridi yabisi, iliyoanza na koo kuuma lisilotibiwa. Valvu ikibana, chumba cha juu kinatanuka na fibrilesheni inafuata. Matibabu yanabadilika hapo. Utafiti uliotolewa mwaka 2022, wa wagonjwa zaidi ya 4,500 katika nchi 24, ulionyesha kwamba wenye fibrilesheni pamoja na ugonjwa wa valvu wa aina hiyo waliishi zaidi kwa warfarini, dawa ya zamani ya kuzuia damu kuganda yenye usumbufu wa kupima damu kila mara, kuliko kwa rivaroksabani, dawa mpya inayopendwa. Kwa mtu ambaye valvu zake ni nzima, dawa mpya ndizo tunazoanza nazo. Saa haiwezi kutofautisha wagonjwa hawa wawili. Eko inaweza, na kama foleni ya Tanga ni ndefu, kuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, Dar es Salaam.

Si kila mwenye fibrilesheni anapewa dawa ya kuzuia damu kuganda. Daktari atahesabu umri, presha, sukari, kama amewahi kupata kiharusi, na atapima hatari ya kutoka damu. Naomba msimwanzishie aspirini ya dukani kwa kujihami. Kwa ugonjwa huu haizibi pengo la dawa hizo, na tumbo linaweza kuvuja damu.

Yapo mambo ambayo hayasubiri miadi. Kifua kubana kama kimewekewa jiwe, maumivu yanayokwenda taya au mkono, jasho la baridi, kuzirai, pumzi kukata akiwa amekaa: mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo. Kwa akina mama huja wakati mwingine kama kichefuchefu na uchovu mkali tu. Uso kupinda upande, mkono kulegea au maneno kukatika, vilevile, na mkumbuke dalili zilianza saa ngapi, kwa kuwa hilo ndilo swali la kwanza mtakaloulizwa. Msiitazame saa kwanza. Haiwezi kugundua shambulio la moyo, na watengenezaji wenyewe wanasema hivyo.

Na aendelee kuivaa, ndiyo. Aikaze vidole viwili juu ya mfupa wa kifundo, isiwe inacheza, na aivae usiku pia, maana usingizini mkono unatulia na usomaji huwa bora. Namba ya oksijeni asiwe anaifungua kila saa. Tahadhari ya mapigo tu ndiyo akuonyeshe, nawe upime mapigo yake kwa mkono wako kwanza, vidole vitatu, dakika nzima.